Milango Miwili, Milango Minne

Athman aliingia nyumbani adhuhuri, vumbi la Malindi lingali kwenye kofia yake, na kabla hajavua viatu akasema, "Mama, nimeona gari."

Mama yake, Bi Mwanamkisi, alikuwa msanani, ule ukumbi ulioinuka mbele ya vyumba, juu ya kiti chake kifupi, anachambua mchele kwenye uteo. Hakuinua uso. "Gari umeziona tangu hujaota ndevu. Si ndiyo kazi yako? Au hilo lina pembe?"

"Hili si lori, mama. Ni gari dogo, la mbio. Na nitalinunua."

Swafiya, mkewe, alikuwa akitoka jikoni na maji ya kunawa. Akasimama. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba, na Amu nzima, kisiwa chote cha Lamu, haikuwa na gari hata moja. Katika vichochoro vyake, punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma.

"Utaliweka wapi, bwana? Darini?"

"Ng'ambo, Mokowe, yanakolala malori. Niwe nachukua watu mpaka Witu, mpaka Malindi. Nimechoka kuendesha lori la mtu." Akanawa, akanywa maji, ndipo akalisema lile alilokuwa akilichelewesha. "Nimepita kwa Hadia."

Mikono ya Bi Mwanamkisi ikatulia ndani ya mchele.

Hadia alikuwa binti yake, mdogo wake Athman, ameolewa Malindi. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, na hii ndiyo ya kwanza kufika mbali.

"Daktari amemlaza," akasema Athman. "Asisimame hata kwenda jikoni. Amenituma maneno. Amesema, mwambie mama mimi siwezi kuja kwake, basi yeye aje kwangu."

Katika ukoo ule mwanamke hakuzaa mtoto wake wa kwanza ila mikononi mwa mama yake. Lakini ilikuwa kusi, bahari ya nje imechafuka, hakuna chombo kinachoshuka Malindi. Lililobaki ni lori. Nalo lori Bi Mwanamkisi alikwisha kulikataa, kwa maneno ambayo hakuna aliyeweza kumjibu: mbele, baina ya Athman na mlango, hukaa karani wa tajiri, naye si maharimu yake, na nyuma ni kwa mbuzi.

"Sasa karani hayupo," akasema Athman. "Gari ni langu na dereva ni mwanao. Utasemaje?"

"Nitasema, twenda lini?"

"Wazungu wenyewe wanangoja mpaka Ijumaa. Kazi iliyobaki ni moja tu."

"Ipi?"

"Kuchagua. Maana magari ni mawili."

Akawaeleza huku akila. Wazungu wawili, mtu na ndugu yake, walikuwa wanarudi kwao Ulaya na kila mmoja anauza lake. Magari yametoka kwa muundaji mmoja, injini moja, rangi moja ya kijani kibichi, bei moja. Moja lina milango minne. La pili lina milango miwili tu.

"Miwili mingine wameipeleka wapi?" akauliza Swafiya.

"Ndivyo lilivyoumbwa. Mgongo wake umeteremka hivi," akachora hewani kwa kiganja, "kama papa. Limesimama, wewe utadhani linakwenda. Nimeyaendesha yote mawili. Lile la milango minne ni gari, zuri, silikosi neno. Lakini hili..."

Wali ulikuwa unapoa mkononi mwake. Swafiya alimtazama mumewe akaona uso ambao hakuuona tangu mwaka waliooana, alipokuwa akija na zawadi kaificha nyuma ya mgongo.

"Na mtu wa nyuma huingilia wapi?" akauliza tena.

"Kiti cha mbele hulazwa, akapita, kikarudishwa." Akaona mama yake amekunja uso, na papo hapo akapata maneno. "Mama, ni kama nyumba yetu. Mtu akitoka ndiani, njia ya watu, huingia daka, pale mlangoni. Akitoka daka, kiwandani, uwanjani kwetu. Akitoka kiwandani, msanani. Ndipo afike ndani, mnakolala wanawake. Je, ndani kwako kuna mlango wa kutokea ndiani?"

"Mungu apishe mbali."

"Basi gari hili ndivyo lilivyo. Nyuma ndiyo ndani. Lile la milango minne limetoboa mlango wa ndiani ubavuni mwa kitanda."

Bi Mwanamkisi aliweka uteo chini. Alikuwa ameishi miaka yake yote katika nyumba za mawe za Amu, ambazo hupitwa chumba hata chumba, na kila ukuta ukizidi kumficha mtu na macho ya nje. Hakupata kulisikia jambo la gari likielezwa kwa lugha anayoielewa. "Mwango wa ndiani ubavuni mwa kitanda," akasema polepole. "Nani atapata usingizi? Twaa hilo la miwili."

Athman akacheka kwa furaha, akamaliza wali wake kama mtoto aliyeruhusiwa kwenda kucheza. Swafiya hakucheka. Alikuwa akiyatazama magoti ya mama mkwe wake chini ya kanga.

Athman alipotoka kwenda msikitini, Swafiya alimfuata mama mkwe wake ndani.

"Mama, utapitaje juu ya kiti kilicholazwa?"

"Kama wapitavyo wenzangu."

"Wenzako wana magoti."

"Punguza sauti."

Kila alfajiri Swafiya ndiye aliyeyakanda magoti yale kwa mafuta ya ufuta, akayafunga vitambaa, akamsimamisha. Bi Mwanamkisi alikuwa akisali juu ya kile kiti kifupi, wala Athman hajui, kwa sababu siku nyingi huwa safarini, na akiwa nyumbani husali msikitini. Na Swafiya alikuwa ameapishwa juu ya msahafu asimwambie.

"Akijua atasema nisende," akasema Bi Mwanamkisi. "Atasema mama mzee, mama mgonjwa, akae. Mimi namjua, huruma yake ni ya kumfungia mtu. Na mwanangu yuko Malindi amelala kitandani, aningoja."

"Basi sema tu wataka la milango minne. Sema hivyo bila sababu."

"Umeuona uso wake?"

Swafiya alikuwa ameuona.

"Tangu kufa baba yake sijauona uso ule. Nimtoe gari lake mkononi kwa ajili ya magoti? Nitapita. Nitakupa mkono, utanisukuma. Nimezaa watoto, kiti kitanishinda?"

Jioni barazani, Barka mshona makubadhi alikuwa na kazi yake mapajani na masikio yake kwa Athman.

"La mbio!" akasema. "Watu wa Amu, sikizeni. Athman anunua gari la mbio, lenye mgongo wa papa, na mwenyewe kutoka hapa mpaka gatini humngoja punda ampishe."

"Ng'ambo hakuna punda."

"Ng'ambo kuna mchanga. Na hilo la milango miwili utachukua abiria wangapi? Bibi zetu hawa wenye mabuibui, uwakunje kama mikeka uwatie nyuma?"

"Watu watapita."

"Watapita. Na pale Garsen, kwenye kivuko? Pale hata liwali hushuka. Gari huingia pantoni tupu, watu kwa miguu, kamba zikavutwa. Ukifika ng'ambo ya pili, kunja mikeka yako tena."

Watu wakacheka, na Athman akacheka nao. Lakini neno la Garsen lilimpitia kama upepo. Alikuwa akiuona ule mgongo wa kijani unateremka, na taa mbili za mbele zilizomtazama kule Malindi kama kitu kinachomjua.

Asubuhi yake Swafiya alingoja mumewe amalize chai, akasema kwa sauti ya mzaha, "Bwana, mimi gari sijapata kuliona ila kwa mbali, ng'ambo, dogo kama mende. Nionyeshe hilo lako."

"Nikuonyeshe vipi? Liko Malindi."

"Hukulipima?"

Alikuwa amelipima. Alilipima shibiri kwa shibiri, yote mawili, mpaka mzungu mmoja akamuuliza kama anataka kulishonea nguo. Basi wakashuka kiwandani, yaani ule uwanja ulio wazi katikati ya nyumba, wakatandaza kamba ya kumbi chini ikawa umbo la gari. Viti viwili vya enzi vikateremshwa kutoka msanani, vikawa vya mbele. Nyuma yake wakaweka ulili, kile kitanda chembamba cha kamba. Milango ikawa kanga nne zilizotundikwa kwenye kamba za kuanikia. Usukani ukawa uteo.

"Haya ni mambo ya wapumbavu," akasema Bi Mwanamkisi kutoka msanani. Lakini alijisogeza ukingoni aone vizuri.

Vicheko vilimleta Bi Kadija wa nyumba ya pili. "Salaale! Athman, hata punda huna, leo una gari la viti vya enzi? Wampeleka nani, sultani?"

"Panda, Bi Kadija."

"Nauli yako?"

"Niombee dua tu."

"Dua zangu ghali kuliko petroli." Akapanda hata hivyo, akapitia kanga ya nyuma, akakaa ulilini na kujivuta kama bibi harusi. Swafiya akakaa upande wake. Athman akashika uteo, akanguruma kwa mdomo, akapiga kona, na wanawake wawili wakalaliana wakipiga mayowe.

"Witu!" akaita Athman. "Wa Witu washuke!"

"Mimi sishuki," akasema Bi Kadija. "Naenda nalo mpaka Mombasa, nimchoshe mume wangu kunitafuta."

Bi Mwanamkisi alikuwa akicheka mpaka machozi. "Nipisheni na mimi," akasema, na Swafiya akaacha kucheka. Mchezo alikuwa ameuzusha yeye. Alitaka Athman aone kwa macho yake, bila yeye kuvunja kiapo. Sasa alitamani angeacha kamba zikae zinakokaa.

Kwa mlango wa nyuma wa kanga, Bi Mwanamkisi aliingia bila taabu. Alielekeza mgongo kitandani, akakaa, akaiingiza miguu mmoja mmoja kwa kuishika kwa mkono, haraka, kanga imefunika. Akaangalia kuume na kushoto. Hakupendezwa. "Hapa niko ndiani kabisa," akasema. "Mtu akipita akaufungua mwango? Ndilo hili ulilosema la kutobolewa. Geuzeni, niuone huo ulio na ndani."

Athman akaziondoa kanga mbili za nyuma, akavuta kamba, akainamisha kiti kimoja cha enzi kwa mbele. Kikabaki kipenyo. "Karibu ndani, mama."

Alikitazama kile kipenyo. Mkono mmoja akauweka juu ya kiti, mwingine akampa Swafiya. Akaupitisha mguu wa kwanza. Wa pili ulipotakiwa kukunjika haukukunjika, na ule wa kwanza ulikwisha kubeba uzito wote. Akasimama pale, si ndani si nje, mdomo umebana. "Nisukume," akamnong'oneza Swafiya, na Swafiya hakuweza. Kiti cha enzi kikainama zaidi, naye akaenda nacho.

Athman alitupa uteo, akamdaka kiunoni. Kanga ikapanda. Magoti yalikuwa nje, yamevimba, yamefungwa vitambaa vya manjano kwa mafuta, na kimoja kimefunguka kinaning'inia.

Bi Kadija, ambaye ulimi wake haukosi neno, alitazama juu mbinguni kama aliyeitwa kutoka huko. "Nimeacha chungu motoni," akasema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Uteo ulikuwa bado unazunguka sakafuni. Ukazunguka, ukalala.

"Tangu lini?" akauliza Athman.

"Nilaze kwanza."

Akamlaza ulilini. "Tangu lini, mama?"

"Tangu Ramadhani. Si hii, ile ya nyuma."

Akamgeukia mkewe. "Na wewe wajua."

"Niliapishwa," akasema Swafiya.

"Usimguse huyo, kiapo ni changu mimi." Bi Mwanamkisi aliinuka akakaa, akishusha kanga yake. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyekamatwa. "Haya, sema. Sema nisende. Sema mzee akae achambue mchele, na mwanangu azae mikononi mwa watu asiowajua. Sema yeo, yaishe."

Athman alipiga magoti mbele ya mama yake, akakishika kile kitambaa kilichofunguka, akaanza kukifunga. Alikaza, akazungusha, akapiga fundo kwa nguvu, namna aijuayo.

"Wafunga gunia?" akauliza mama yake.

Swafiya alicheka, na kicheko kikamtokea puani pamoja na machozi. Athman akafungua fundo lake. "Nionyeshe," akamwambia mkewe. Naye akashuka kando yake akamwonyesha: kwanza chini ya goti, kisha juu, si kwa kukaza, pumzi ya mtu ipate kupita. Akafunga tena. Mara hii mama yake aliweka mkono juu ya kofia ya mwanawe.

Athman akatoka nje. Barka akampigia kelele, "Papa wako hajambo?" Athman akapita, akaenda mpaka gatini, akakaa juu ya jiwe akitazama ng'ambo. Kiganja chake kilikuwa bado kinakumbuka gia za lile gari, jinsi zilivyoingia laini kama kisu katika siagi. Hakuwa amepata kutaka kitu namna ile, na kukitaka kulikuwa kutamu. Alikaa mpaka adhana ya alasiri.

Aliporudi, kamba na viti vilikuwa bado kiwandani. Hakuna aliyethubutu kuviondoa. Akaziokota zile kanga mbili za nyuma, akazitundika mahali pake, moja kuume, moja kushoto.

"Mama," akasema, "ukikaa wataka ubavu wangu, au upande wa pili?"

"Wa wapi?"

"Nyuma. Milango yote miwili ni yako. Chagua."

Bi Mwanamkisi alitazama kanga zile zikipepea kidogo. "Na papa wako?"

"Papa ana wapenzi wengi. Atapata mtu."

"Sitaki unihurumie, Athmani."

"Sikuhurumii. Barka amenikumbusha Garsen, pale kila mtu hushuka. Nimekuwa nikipita pale miaka, mama, na neno hilo halikunijia. Nilikuwa nikiuwaza mgongo wa gari." Akainyoosha kanga moja. "Mgongo wa gari, na magoti yako siyajui."

"Ningekwambia, ungeniacha niende?"

Athman alitaka kusema ndiyo. Akamtazama mkewe, akaona hawezi kusema uongo mbele ya watu wawili wanaomjua. "Jana, nisingekuacha," akasema. "Yeo nakuuliza wakaa upande upi."

Lililobaki lilikuwa lile la mlango, na hilo kwa Bi Mwanamkisi halikuwa mzaha wala kisingizio. Alifurahi, akashukuru, kisha akasema tena, "Lakini mwango uko ndiani." Mchana wote wa siku ya pili alilizungushazungusha. Alasiri akamtaka Swafiya afungue kasha kubwa.

Chini kabisa, chini ya nguo za arusi yake, kulikuwa na kitambaa kizito cha rangi ya buluu iliyofifia, kimekunjwa mara nyingi, kinanukia udi wa zamani. Ilikuwa shiraa. Swafiya alikuwa ameisikia tu. Zamani, bibi wa Amu akitaka kutoka alitembea ndani ya kitambaa kile kilichozungushwa kama hema, na watumwa wakashika miti yake, nje wakaonekana wao, yeye asionekane hata kivuli.

"Mama yangu alikwenda arusini ndani ya hii," akasema Bi Mwanamkisi akiipapasa. "Nami ningali mtoto nilikwenda nayo, nimeshika mkono wake. Nikitazama tini naona miguu ya waliotushikia. Hakuna aliyewauliza kama mikono yauma." Akaikunjua. "Sasa ishikwe na gari. Gari halichoki. Lete mkasi."

Athman alipoona vipande vinashonwa, na kila kimoja kinapigwa upindo wa kupitishia kamba, alielewa. "Pazia?" akasema. "Gari la mbio, na pazia?"

"Nne," akasema mama yake. "Na moja ya kioo cha nyuma."

"Barka atanipa jina."

"Akupe. Umekaa na hilo jina moja mno."

Athman alisimama pale akiona kichwani lile gari la kijani linapita mbele ya vibanda vya Mokowe na buluu ya mabibi inapepea madirishani, na wapakiaji wa malori wakishika mbavu zao. Akajikuna shingo. Kisha akaketi karibu na mkewe, akachukua ncha ya pili ya kitambaa akaikaza ili ashone sawa.

Ijumaa alikuwa Malindi, akalinunua lile la milango minne, akaja nalo mpaka Mokowe. Wiki iliyofuata mashua iliwavusha Mokowe asubuhi, yeye na mama yake, maana Swafiya alibaki kulinda nyumba. Ngazi za gati ya Amu Athman alimshusha mama yake mikononi, na Bi Mwanamkisi akajifunika uso wote kwa buibui ili asiwaone wanaomwona. Masikioni tu hakuweza kujifunika. Alimsikia Barka kutoka juu: "Athman! Hilo gari au chumba cha bibi harusi?"

"Njoo ulione, utaomba upewe mke ndani!" Athman akajibu, na vicheko vikamgeukia Barka.

Gari lilikuwa chini ya kivuli, limeoshwa. Bi Mwanamkisi alilizunguka kwa mkongojo wake. Akaligusa kama mtu amgusavyo ng'ombe wa kununua. Athman akamfungulia mlango wa nyuma, naye akaelekeza mgongo, akakaa, akaingiza miguu. Pazia zikavutwa. Mle ndani kukawa buluu, na harufu ya udi ikachanganyika na ya ngozi na petroli.

"Hiki cha nini?" akauliza, mkono wake juu ya chuma kilichokuwa mlangoni.

"Ndicho cha kufungulia. Ukivuta kwako, mlango hufunguka. Usikiguse tukiwa tunakwenda."

Hakukigusa. Lakini njia nzima ya mchanga, mpaka Witu na baada ya Witu, mkono wake ulikaa karibu nacho. Alikuwa mwanamke mzima, mama wa watu, na mlango wa nyumba yake huko Amu wafunguao ni wanaume na watoto wakiitwa na hodi. Huu ulikuwa kwapani mwake. Alipochoka na buluu, akaisogeza pazia kadiri ya jicho moja, akaona miti inarudi nyuma mbio, kana kwamba imesahau kitu Mokowe.

Garsen, wavuta kamba walipiga kelele kama kawaida yao, "Wote chini! Wote chini!" Mbele yao kwenye foleni kulikuwa na gari la kijani lenye mgongo ulioteremka. Athman alilitambua kabla hajalifikia. Alikuwa amelinunua kijana wa Malindi, mwana wa mwenye duka la misumari, naye alikuwa amevaa miwani myeusi. Athman akashuka upesi aende amfungulie mama yake.

Alimkuta amesimama. Mlango uko wazi, mkongojo uko mchangani, buibui iko sawasawa.

"Usinishike," akasema. "Nimefungua mimi." Akausukuma mlango kwa nyuma ukajifunga kwa kishindo, na wavuta kamba wakageuka. Akatembea kwa miguu yake mpaka ndani ya pantoni, polepole, na wote wakamngoja, hata yule wa miwani.

Ng'ambo ya pili lile gari la milango miwili liliondoka kwanza, likawamwagia vumbi. Athman alifunga kioo, akaenda kwa mwendo wake wa tangu asubuhi, mwendo wa kubeba mayai. Kitambo, sauti ikatoka kiti cha nyuma.

"Lile ndilo?"

"Ndilo, mama."

"Zuri."

"Zuri."

Wakaenda. "Ulisema injini yao moja?"

"Moja. Hakuna tofauti."

"Basi mbona yule mtoto akushinda?"

Athman alimtazama katika kile kioo kidogo cha dereva. Pazia zote mbili za madirisha ya nyuma zilikuwa zimefunguliwa. Mama yake ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, uso wazi, macho mbele.

"Magoti yako, mama. Njia ina mashimo."

"Magoti nimeyaketia. Kanyaga, Athmani. Hadia aningoja."

Akakanyaga. Buluu ya shiraa ilitoka nje madirishani ikapiga kelele kama tanga, mchanga ukaruka, na walipolipita lile la mgongo wa papa, Bi Mwanamkisi, ambaye mtu asiye wake hakupata kuiona hata kucha yake, alimpungia mkono yule kijana wa miwani.

Hadia alikuwa amelala chali huko Malindi, tumbo limepanda, ameambiwa asisimame na hakusimama. Alasiri alisikia gari linasimama nje. Akangoja kusikia hodi, akangoja sauti ya kaka yake. Badala yake alisikia mlango wa gari unagongwa kwa nguvu nyingi, kwa mkono usiojua bado kupima. Kisha mkongojo, polepole, unakuja. Akaligusa tumbo lake. "Tulia," akaliambia. "Bibi yako amefika."